Mheshimiwa Anataka Kutoka

Paka wa shangazi yangu alikuwa na kila kitu duniani isipokuwa kazi. Alikuwa na kiti chake karibu na cherehani, sahani yake yenye maua, na mto ulioshonwa kwa mabaki ya hariri ambayo mimi, binti wa kaka yake wa damu, sijawahi kushonewa hata leso yake. Mtaa mzima ulimwita Mheshimiwa, na jina lilimkaa vizuri. Alilala mchana, alikula kwa wakati, na ukimwuliza jambo la maana alikutazama, kisha akafumba macho.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho: ruhusa ya kutoka nje.

Shangazi ni mshona mapazia. Chumba cha mbele ni duka, cha katikati ndiko tunakokata na kushona, na cha nyuma kina dirisha linalotazama ua mdogo wenye sakafu ya saruji, kamba ya nguo na mlimau mmoja. Baada ya mlimau kuna ukuta. Baada ya ukuta kuna Mtangazaji.

Mtangazaji alisoma taarifa ya habari redioni miaka na miaka mpaka akastaafishwa, ila hakuna aliyeliarifu koo lake. Mtu huyu hawezi kuomba chumvi bila kutoa muhtasari kwanza. Tena anafuga njiwa, banda zima, limeegemea ukuta wetu upande wa kwake. Kila anapopaza sauti kule, Shangazi hukanyaga pedeli ya cherehani kwa nguvu mpaka sauti ya mzee izame. Nimeona akishona kitambaa ambacho hakikuwepo, sindano inapanda na kushuka hewani, ilimradi tu asimsikie.

Uhasama huu ulikuwa na kaburi. Kabla ya Mheshimiwa kulikuwa na Koplo, paka wa kawaida, mwenye sikio lililopasuka na tabia za mlinzi wa ghala. Koplo alitoka na kuingia apendavyo, mpaka asubuhi moja akarudi anayumba kama mlevi, akapanda juu ya jora la kitani, akalala, hakuamka. Shangazi hakuhitaji daktari wala polisi. Huyu ana paka, yule ana njiwa, nani tena angempa Koplo sumu? Kesi ikasikilizwa, hukumu ikatolewa na rufaa ikakataliwa, yote Shangazi akiwa jikoni anamenya vitunguu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema siku ile, macho yametazama ukuta. Akamzika Koplo chini ya mlimau, na tangu siku hiyo hakumpa jirani yake salamu wala hakukanyaga ua wake.

Ndiyo maana Mheshimiwa, aliyeletwa akiwa mdogo kama kiatu cha mtoto, alilelewa kama mwali. Madirisha yalifungwa. Mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa mguu mmoja ukiwa tayari kuzuia. Udongo aliujua kwa kuusikia tu.

Lakini damu ya paka haina stashahada. Siku moja mimi, niliyepewa dhamana ya kufunga dirisha, nilikwenda kumpimia mteja kitambaa nikaliacha wazi kidogo. Tulipokuja kushtuka, Mheshimiwa alikuwa amekaa juu ya paa la banda la njiwa, mweupe kama bendera ya kusalimu amri, anatazama chini kwa unyenyekevu wa mgeni rasmi. Sauti ikapaa kutoka upande wa pili:

"Wasikilizaji wapenzi, hasa mlio upande wa pili wa ukuta! Habari zilizotufikia hivi punde zinasema paka mweupe ameonekana juu ya paa la raia mwema. Paka huyo akionekana tena, taarifa itakayofuata itakuwa ya tanzia!"

Shangazi alimrudisha paka kwa kipande cha samaki. Kisha akapigilia dirisha misumari.

Kuanzia hapo tukaishi na mfungwa wa kisiasa. Mheshimiwa alikuwa ameonja. Alikaa dirishani akilia kwa sauti ya mtu anayedai haki zake, na alipochoka kulia akaanza kupanda mapazia. Si mapazia yetu, maana sisi wenyewe, kama ilivyo kwa kila mshonaji, madirisha yetu yamefunikwa kwa khanga kuukuu. Alipanda ya wateja. Tulikuwa tumepata kazi kubwa ya mwaka: mahameli mekundu ya ukumbi wa sherehe, majora kwa majora. Mwenye ukumbi, mama mmoja anayeingia dukani manukato yake yakiwa yametangulia, alikuta pazia la kwanza limechanwa kutoka juu hadi chini.

"Mama Pazia," akasema, maana ndivyo wateja wanavyomwita shangazi yangu, "hii ni mitindo mipya?"

"Ni ajali, dada yangu. Nitalikata upya kwa gharama yangu."

"Ajali ina mkia, nauona chini ya meza." Akavuta unyoya mweupe kwenye mahameli, akaunyanyua kwenye mwanga kama ushahidi. "Sikiliza. Mimi nakupenda na kazi yako naipenda. Lakini nikirudi nikakuta tundu jingine, nachukua vitambaa vyangu napeleka kwingine. Chagua, paka au pazia."

Alipoondoka, Shangazi alikaa. Mheshimiwa akampandia mapajani, akajikunja, akaanza kunguruma kwa raha kama vile hana kesi.

"Mpeleke kwa mtu, Shangazi," nikasema. "Kuna watu wanapenda paka."

"Nimpeleke kwa nani? Amfungulie mlango, apigwe na gari? Arudi hapa kwa yule muuaji?" Akamkuna kidevu. "Nimeshazika mmoja. Sitaki kuzika kila mwaka kama manispaa."

Basi likabaki jambo moja: Mheshimiwa atoke nje bila kutoka, tena kwa bei ya bure. Ndani angetumaliza sisi, nje angemalizwa yeye.

Mtoto wa Shangazi aliye ughaibuni akapigiwa simu. Binamu yangu ana ushauri kwa kila tatizo ambalo halimgusi. Akatutumia picha za vibaraza vya paka huko aliko: vya mbao iliyonakshiwa, vina ngazi, madaraja, machela, kimoja kina chemchemi. Kile chenye chemchemi kilikuwa kikubwa kuliko chumba changu, na nilimwona paka wa kwenye picha akinihurumia.

"Mama, ni rahisi sana, nunua tu," akasema.

Neno "tu" ni tamu kweli kinywani mwa asiyelipa.

Tukaanza na kilichokuwepo. Shangazi alishona mkanda wa kifuani kwa utepe wa mapazia, akauwekea vifungo na, kwa kuwa hawezi kujizuia, marinda kidogo pembeni. Nikatumwa nimtembeze barabarani. Ukitaka kujua idadi ya watu wasio na shughuli mtaani kwenu, funga paka kamba utoke naye. Mheshimiwa alilala chali mlangoni kwa muuza vocha akakataa kuinuka. Nikamvuta kidogo, akateleza kama tambara la kupigia deki.

"Dada," akaniita muuza vocha, "unamtembeza au unasugua barabara?"

"Anafanya mazoezi."

"Naona. Wewe ndiye unayetoka jasho."

Pikipiki ikapita, Mheshimiwa akapanda juu ya kichwa changu kupitia usoni, na huo ukawa mwisho wa matembezi. Alama moja ninayo mpaka leo kwenye paji la uso. Shangazi alipoiona alisema, "Amekuogopesha? Pole, Mheshimiwa."

Ndipo tukamwita Fundi Geti.

Fundi Geti huchomelea mageti na nondo za madirisha, na katika maisha yake yote amemjua adui mmoja tu: mwizi. Alikuja na vyuma vilivyobaki kwenye kazi za watu, ambavyo alikubali kuvitoa kwa kubadilishana na mapazia ya sebule yake. Akazunguka ua, akatikisa ukuta, akatazama juu kama jenerali.

"Mama, nitakujengea kitu ambacho mwizi akipita, niite mimi mwizi."

"Si mwizi, fundi. Ni paka."

"Paka naye ni mwizi, mama. Tofauti ni mkia tu."

"Nataka akae ndani, si kwamba mtu asiingie."

"Ndani, nje, chuma hakijui. Chuma ni chuma."

Alitaka kukiweka chini ya mlimau, penye kivuli na udongo, lakini Shangazi akasimama mbele ya mti mikono kiunoni. "Hapo hapaguswi." Basi kikajengwa kwenye saruji, juani. Kilipokamilika majirani walikuja kukiona. Kizimba kilikuwa na nondo nene kama kidole gumba, komeo tatu, na juu kabisa safu ya mikuki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Kilifaa kumhifadhi simba mwenye rekodi ya kutoroka. Fundi Geti alikipiga teke kuonyesha kwamba hakitikisiki, akachechemea, akasema kimesimama.

"Na huu upana kati ya nondo na nondo?" nikauliza. "Umepimaje?"

Akanionyesha ngumi yake. "Hiki ndicho kipimo. Kichwa cha mtu hakipiti. Kichwa kisipopita, mtu hapiti. Hiyo ni sheria ya kazi, mdogo wangu, na hawawafundishi chuoni."

Ni kweli chuoni hawakunifundisha. Lakini nilitazama ile ngumi, nikatazama kichwa cha Mheshimiwa aliyekuwa kwapani mwa Shangazi, nikataka kusema neno. Shangazi akanikata jicho. Mtu ameshapimiwa mapazia ya sebule, unamwambiaje kazi yake ina mashaka?

Mheshimiwa akaingizwa kwa heshima zote. Komeo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akanusa saruji. Akanyanyua mguu mmoja, akautikisa, kwa sababu ulikuwa umegusa nje. Akakaa. Shangazi akakunja mikono kifuani, na nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu lile pazia lichanike.

Kisha Mheshimiwa akainuka, akajinyoosha, akatembea mpaka kwenye nondo, akapitisha kichwa, kichwa kikaita mabega, mabega yakaita kiuno, akawa nje. Hakukimbia hata kidogo. Alipita kama mtu anayepita mlangoni kwake.

Tukatazama zile komeo tatu, zote zimefungwa.

"Huyu amekonda," akasema Fundi Geti. "Mlisheni."

Tulipozinduka, paka alikuwa juu ya mlimau. Kutoka mlimau akaruka juu ya ukuta. Shangazi akapiga ukelele, na huo ukelele ndio uliomsukuma. Akadondokea upande wa pili.

Halafu tukasikia mbawa, mbawa nyingi mno, kama mtu anayekung'uta mapazia ya ukumbi mzima kwa pamoja. Halafu mlio wa paka ambao sijawahi kuusikia. Shangazi akaweka mkono ukutani kujishikiza.

"Koplo," akasema. Hakusema Mheshimiwa. Alisema Koplo.

Na ile sauti ikapaa: "Wasikilizaji wa upande wa pili wa ukuta! Mnaombwa kufika haraka eneo la tukio!"

Shangazi yangu ana magoti mabovu na kiburi kizima. Siku ile kiburi kilibaki uani, magoti yakakimbia. Alizunguka kona, akasukuma geti la Mtangazaji bila hodi, mimi nyuma yake, Fundi Geti nyuma yangu na nyundo mkononi, kwa ajili ya nini Mungu anajua.

Tulimkuta mzee amesimama mbele ya banda, fulana na kikoi, mikono nyuma.

"Mama Pazia," akasema. "Njoo umchukue mtu wako. Anapigwa."

Banda la njiwa lina kijidirisha cha kuingilia kilichoning'inizwa nyaya. Njiwa akitoka matembezini anazisukuma kwa kifua, zinafunguka kwa ndani, akishapita zinarudi mahali pake na hazifunguki kwa nje. Anaingia yeyote, hatoki yeyote. Mheshimiwa, mtalii wetu, alikuwa ameusukuma mlango huo kwa pua. Sasa alikuwa amejibana kwenye kona, masikio yamelala, na njiwa wakubwa wawili wanamchapa makofi ya mbawa kwa zamu, wengine juu ya viguzo wanashangilia. Hakuwa amemgusa hata mmoja. Hakujua njiwa hufanywa nini. Chakula chake siku zote kilikuja kwenye sahani yenye maua, kimeshakufa.

Shangazi aliingia mle akiwa ameinama, akamtoa amemfunika kwa kilemba chake. Alipohakikisha kwamba mwili mzima unapumua na damu hakuna, akageuka. Nikajua yale ya miaka yote yanakuja.

"Safari hii umeiweka wapi?"

"Nini?"

"Sumu yako. Ulimuua Koplo wangu, sasa unamngoja huyu. Umeiweka wapi?"

Mtangazaji alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakikutoka kichwa cha habari. Ilitoka sauti ndogo, ya mzee tu.

"Mimi? Sumu?" Akatazama chini. Ua wake wote ulikuwa umetapakaa mtama na njiwa wakitembea katikati ya miguu yetu wakidonoa. Mmoja alikuwa akijaribu kung'oa kifungo cha kiatu changu. "Jirani, hebu watazame hawa. Wanakula kila kitu. Juzi wamekula vifungo vya shati langu la kitambaa kizuri. Nikiweka punje moja ya sumu ndani ya ua huu, wa kwanza kufa ni nani?"

Shangazi akamtazama njiwa aliye kwenye kiatu changu.

"Miaka yote hii unanishonea cherehani masikioni kwa ajili hiyo? Nilidhani huipendi sauti yangu."

"Siipendi pia," akasema Shangazi, lakini bila nguvu.

"Ulitangaza tanzia," nikamkumbusha mzee. "Mtaa wote ulisikia."

"Binti yangu, mimi kazi yangu ni sauti. Ningemfanya nini? Sina hata manati." Akakuna kidevu, na nikaona anakumbuka. "Mwaka ule wa Koplo panya walitusumbua mtaa mzima. Mimi walinilia makinda karibu yote. Kwenu wewe uliyejaza majora mpaka darini, mlifanyaje?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa, la jirani kwa jirani.

Nilikuwa mdogo mwaka ule, lakini nakumbuka visahani. Vilikuwa nyuma ya majora, vina punje za bluu, na nilikatazwa kuvigusa hata kwa fimbo. Nakumbuka pia jinsi Shangazi alivyojisifu kwa wateja kwamba panya wanakufa wenyewe, mmoja mmoja, wakitembea kama walevi. Na Koplo, mlinzi wa ghala, hakuwahi kumwacha panya aliyeshindwa kukimbia.

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa anamfunga Mheshimiwa kwenye kilemba, anafunga pale palipokwisha kufungwa. Yale aliyoyasema jikoni siku ile, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, yalikuwa yamerudi nyumbani baada ya kuzurura miaka mingi kwa jirani. Sikusema kitu. Kuna ulimi mkali na kuna ulimi mpumbavu, na mimi najitahidi kubaki na wa kwanza.

Fundi Geti naye akapoteza nafasi nzuri ya kunyamaza. "Kwa hiyo mama, kile kizimba bado unakitaka au—"

"Huu wavu," akasema Shangazi, akimgeukia Mtangazaji na kugusa banda kwa ncha ya kidole, "matundu yake ni madogo. Umeupata wapi?"

Wengine husema samahani. Shangazi yangu aliuliza kuhusu wavu.

Mzee akaamua kuipokea samahani hiyo ilivyo. Akakohoa, na redio ikarudi hewani. "Sasa tunakuletea makala maalumu! Wavu huu, mama, umewashinda paka, kicheche na kenge. Mimi nimetumia umri wangu wote kumzuia paka asiingie. Kumzuia asitoke ni kuugeuza wavu tu."

Ilikuwa akili ya kawaida, na sisi tulikuwa tumekwenda kuuliza kwa kila mtu duniani, mpaka ughaibuni, isipokuwa kwa mtu pekee mtaani anayewaogopa paka kila siku.

Alikuja kesho yake na mabaki ya wavu kutoka banda lake la zamani. Akakitazama kizimba cha Fundi Geti kwa heshima inayostahili mnara wa kumbukumbu. "Mifupa ni mizuri," akasema. "Tatizo hakina ngozi." Akaamuru mikuki ikatwe, wavu ukivike kizimba pande zote na juu, kwa maana paka si mbuzi. Mlango mmoja hautoshi, akasema, lazima iwepo milango miwili na kijichumba katikati, ufunge wa kwanza ndipo ufungue wa pili, la sivyo utatoka naye na kuingia peke yako. Toka dirishani mpaka kizimbani tukaunganisha makreti ya soda yaliyotobolewa, yakawa ushoroba. Misumari ya dirisha ikang'olewa. Fimbo kuukuu za mapazia zikawa ngazi zake za kupandia.

"Na hapa kwenye saruji ataungua miguu," akasema. "Kisogezwe penye udongo na kivuli." Akautazama mlimau.

Shangazi alikuwa ameshika koleo.

"Yupo upande gani?" akauliza mzee, taratibu.

"Huku kwenye mizizi."

"Basi wavu utapita huku. Tutauzika ndani kidogo asichimbe chini yake. Huyo wa kwanza hatumgusi."

Mtaro wa upande ule Shangazi aliuchimba mwenyewe, magoti yake chini, hakutaka msaidizi. Alichimba polepole na kwa muda mrefu kuliko mtaro ulivyohitaji. Alipoinuka uso ulikuwa na udongo na vitu vingine, na Fundi Geti, aliyekuwa anaanza kusema jambo kuhusu ngumi, nilimkanyaga mguu ule ule aliopigia teke.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alipita kwenye makreti, akatokea upande wa pili, akakanyaga udongo. Akautazama mguu wake. Akanusa mti, akanusa ardhi penye mizizi kwa muda mrefu, akaizunguka, kisha akalala papo hapo, kivulini. Fundi Geti akawaambia watazamaji kwamba muundo ni wake. Njiwa walikuja wakatua juu ya wavu, wakamtazama kutoka juu. Yeye akafunika macho kwa mkia. Kipigo kilikuwa kimemfundisha siasa ya kutofungamana na upande wowote.

Mahameli ya ukumbi yakamalizika bila tundu. Mwenye ukumbi alikuja, akakagua, akanusa, akakosa ushahidi.

"Kwa hiyo ulichagua pazia," akasema kwa kuridhika.

"Nilichagua," akajibu Shangazi. Kutokea uani Mheshimiwa akamlilia ndege. Hakuna aliyefafanua.

Kuhusu lile pazia lililochanika, Shangazi hakulitupa. Jioni moja nilimkuta amesimama kwenye ua wa Mtangazaji na tepu shingoni, anapima madirisha ya banda la njiwa. Upepo, alisema, unawapiga makinda. Akashona mapazia mafupi ya mahameli mekundu, yenye bitana na marinda, na kuyaweka kwenye vijiti. Ukipita kule sasa utakuta njiwa wamekaa kama wageni wa heshima ukumbini, huku mimi nalala nyuma ya khanga yenye tundu.

Ya Koplo hatujayazungumza. Sidhani tutayazungumza. Ila nafasi ya visahani vya sumu nyuma ya majora imechukuliwa na mitego ya waya, na kila asubuhi, kabla ya duka kufunguliwa, sauti hupaa kutoka ng'ambo ya ukuta:

"Wasikilizaji! Mheshimiwa ameamka salama. Hali yake ni nzuri. Amelala tena."

Shangazi huwa tayari yuko kwenye cherehani wakati huo. Zamani angekanyaga. Siku hizi ananyanyua mguu kwenye pedeli, anaushikilia hewani mpaka taarifa iishe, anatikisa kichwa.

"Mzee huyu ana kelele," anasema, ndipo anaendelea kushona.